Swichi, Traka au Bima: Pesa ya Ulinzi ya Mwenye Pikipiki wa Kanyangi Iende Wapi?

Kijana wa Kanyangi, kaunti ya Kitui, anayechukua pikipiki kwa mkopo huanza kudaiwa siku ileile anayoipanda. Tuseme bei yake ni shilingi 180,000. Ametoa amana, na kila jioni anatuma malipo kwa M-Pesa kabla hajatenga ya unga na karo. Pikipiki ikiibwa mwezi wa tano, deni hubaki palepale, ila kama mkataba una bima inayolipa salio. Kwa familia nyingi za Lower Yatta, msimu ambao mvua imekosa na ndengu zimekauka zikiwa maua, chombo hicho ndicho shamba pekee lisilongoja mawingu. Pesa ya kukilinda inastahili kuhesabiwa kwa umakini uleule tunaoutumia kupatana bei.

Vinavyouzwa ni vingi: mnyororo na kufuli, swichi ya siri ya kukata umeme, traka, bima kamili. Kuna pia mfuko wa pamoja wa steji, ambao hauuzwi na mtu. Kila muuzaji husifu chake. Mimi naona njia ya haki ya kuvipima ni kutazama kwanza nchi ambazo wizi wa magari ulipanda hadi ukatisha kisha ukashuka, tuone ni kitu gani hasa kiliushusha na nani aligharamia.

Uingereza ndiyo iliyoumia zaidi. Mwaka 1993 polisi wa England na Wales waliandikisha karibu visa 600,000 vya wizi wa magari. Ukigawa kwa magari yaliyokuwa barabarani, ni kama gari moja kati ya kila 40 katika mwaka mmoja. Miaka 20 baadaye, mwaka 2013/14, visa vilikuwa chini ya 80,000, ilhali magari yalikuwa yameongezeka kwa mamilioni. Marekani ilifikia kilele mwaka 1991, magari zaidi ya milioni 1.6 yakiibwa, karibu moja kati ya 115. Kufikia 2014 idadi ilikuwa imeshuka chini ya 700,000. Japani, kunakotoka magari mengi tunayoyaona hapa, iliandikisha visa 64,223 mwaka 2003 na visa 5,182 mwaka 2021. Hiyo ya mwisho ni kama gari moja kati ya 16,000. Afrika Kusini nayo ilikuwa ikipoteza zaidi ya magari 100,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2019/20 polisi wake waliandikisha wizi wa magari na pikipiki chini kidogo ya 47,000.

Nimegawa kwa idadi ya magari kwa sababu takwimu hizi huchapishwa mara nyingi kwa kila watu 100,000, na hesabu hiyo humdanganya mnunuzi. Nchi yenye magari machache itaonekana salama hata kama kila mwenye gari halali usingizi. Mtu wa Kitui au Makueni akisoma kwamba Kenya ina wizi mdogo wa magari kuliko Canada, asifarijike. Watu wengi wa Kenya hawana gari la kuibiwa. Swali la mnunuzi ni moja: kati ya vyombo kama changu, vingapi huchukuliwa kwa mwaka?

Sasa, nini kiliushusha wizi? Polisi walifanya kazi yao, na uzio na taa za maegesho zilisaidia, lakini jibu kubwa limo ndani ya ufunguo. Kizuizi cha injini, ambacho mafundi wetu hukiita immobilaiza, ni chipu ndogo kwenye ufunguo inayozungumza na kompyuta ya gari. Bila chipu ile, injini haiwaki hata ukivunja swichi na kugusanisha nyaya. Ujerumani ilikifanya sharti kupitia bima mwaka 1995. Umoja wa Ulaya ulikilazimisha kwa kila gari jipya la abiria kuanzia Oktoba 1998. Australia ikafuata mwaka 2001, Canada Septemba 2007. Kila mahali hadithi ni moja: magari mapya yakawa magumu kuiba, yale ya zamani yakaendelea kuibwa hadi yakazeeka na kuondoka barabarani, na takwimu za nchi nzima zikateremka nayo.

Marekani haikulazimisha. Makampuni mengi yalikiweka kwa hiari, lakini Hyundai na Kia ziliendelea kwa miaka kuuza huko magari mengi ya bei nafuu yasiyo nacho. Katika magari ya toleo la 2015, ni asilimia 26 tu ya Hyundai na Kia yaliyokuwa na kizuizi kama kifaa cha kawaida, huku wenzao wote kwa jumla wakiwa na asilimia 96. Ilitosha vijana waonyeshane kwenye TikTok, kuanzia 2021, jinsi ya kuliwasha gari kwa ncha ya waya ya USB. Wizi ukalipuka, na mwaka 2022 na 2023 Marekani ilivuka tena magari milioni moja kwa mwaka. Mei 2023 kampuni hizo mbili zilikubali kulipa wateja takriban dola milioni 200 ili kumaliza kesi. Walioumia zaidi walikuwa watu wa kipato cha chini walionunua gari la bei nafuu, wakauziwa pamoja nalo ulinzi duni bila kuambiwa. Jambo hili linaniuma kwa sababu ndilo hasa linalotokea kwa mwenye pikipiki wetu.

Itazame pikipiki ya bodaboda. Kenya iliziondolea pikipiki ndogo kodi ya VAT mwaka 2008. Pikipiki zilizosajiliwa mwaka 2005 zilikuwa chini ya 4,000. Mwaka 2013 pekee zilisajiliwa zaidi ya 125,000. Zimetuletea dawa, zimewafikisha akina mama hospitali usiku, zimeinua masoko ambayo matatu haifiki. Lakini swichi ya nyingi kati ya hizo ni kipande cha chuma na nyaya mbili, bila chipu wala kompyuta. Kwa upande wa ulinzi, pikipiki mpya kabisa inayotoka dukani leo iko mahali gari la Uingereza lilipokuwa mwaka 1993. Anayeinunua ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kubeba hasara, na ndiye aliyeachiwa kazi ya kujinunulia ulinzi kipande kwa kipande.

Tukianza na cha bei ya chini kabisa, swichi ya siri hufungwa na fundi umeme wa jua kali. Hukata waya wa kuwasha injini na kupitisha umeme kwenye kitufe kilichofichwa chini ya kiti au nyuma ya tangi. Gharama yake ni mia kadhaa hadi elfu moja na kitu. Kwa kila shilingi, ndicho kilicho karibu zaidi na kizuizi kilichoushinda wizi Ulaya, na ningeshangaa kumwona mwenye boda akinunua traka kabla ya kukifunga. Mambo mawili tu: kisifungwe na fundi yuleyule anayefungia steji nzima mahali pamoja, na usikibonyeze mbele ya abiria. Udhaifu wake ni kwamba pikipiki ni nyepesi. Watu wawili huibeba na kuitupa nyuma ya pikapu, swichi au bila swichi. Kwa hiyo usiku ifungwe kwa mnyororo mnene kwenye kitu kilichochimbiwa ardhini, maana ukiufunga kwenye gurudumu peke yake hauzuii kubebwa.

Traka hufanya kazi nyingine kabisa. Haizuii wizi, inakueleza chombo kilikokwenda. Chukua hesabu ya mfano: kifaa cha shilingi 6,000 na bando la shilingi 100 kwa mwezi kitakugharimu 9,600 kwa miaka mitatu. Cha kampuni yenye watu wa zamu, tuseme 12,000 pamoja na ada ya mwaka wa kwanza, kisha 5,000 kila mwaka, kitafika 22,000 kwa muda huohuo. Tofauti ni 12,400, na unachonunua kwayo ni mtu aliye macho saa nane za usiku. Kwa aliyelala Kanyangi huku pikipiki ikielekea Kwa Vonza na barabara ya Machakos, huyo mtu ana thamani kubwa kuliko kifaa chenyewe.

Kabla ya kulipa, uliza laini iliyo ndani ni ya mtandao gani. Traka hupata mahali ilipo kutoka kwa setilaiti, lakini hukutumia habari kwa mtandao wa simu. Katika mabonde ya kuelekea Mto Athi, kuna mahali mtandao mmoja unashika na mwingine haushiki. Kifaa kizuri huhifadhi njia iliyopita na kuituma mtandao unaporudi, ila kwa saa zile za kimya huoni kitu. Uliza pia kinakula umeme kiasi gani, kwa kuwa betri ya pikipiki ni ndogo na ikikaa siku kadhaa bila kuwashwa inaweza kuisha. Na ramani ikikuonyesha chombo kilipo, peleka habari hiyo polisi, kisha mwende pamoja. Mshukiwa aliyechomwa barabarani hawezi kumtaja mnunuzi wa vipuri, na kuna waliouawa bila hatia kwa sababu tu walikuwa wageni pale.

Bima ndipo watu hupotezea pesa bila kujua. Bima ya mtu wa tatu, ile ambayo Sura ya 405 ya sheria za Kenya inamlazimisha kila mwenye chombo kuwa nayo barabarani, hailipi wizi hata senti moja. Inalipa watu wengine utakaowaumiza. Cheti kipo, mwenye chombo anaamini amekingwa, na siku ya hasara ndipo anapoambiwa. Bima kamili ndiyo inayolipa wizi. Tuseme pikipiki ya 180,000 inatozwa asilimia 6: ni shilingi 10,800 kwa mwaka. Ikiibwa, kampuni hukata kwanza sehemu unayoibeba mwenyewe. Ikiwa ni asilimia 10, unapata 162,000. Gawa 10,800 kwa 162,000 na utaona kwamba, kwa wizi peke yake, bima hiyo inajilipa pale tu pikipiki moja kati ya 15 inapoibwa kila mwaka. Hata Uingereza ya 1993 haikufika huko.

Sisemi kwamba bima kamili ni hasara. Inalipa pia ajali na moto, na kwa mwenye boda ajali ndiyo tishio kubwa zaidi. Aliye na deni la 150,000 na hana ng'ombe wa kuuza anapaswa kuwa nayo, kwa sababu hasara moja inaweza kumfunga kwa miaka. Lakini asome sehemu mbili kabla ya kutia sahihi. Ya kwanza ni ya wizi wa ujanja. Mikataba mingi haimlipi aliyemkabidhi mtu ufunguo kwa hiari yake, wala aliyeuacha kwenye swichi. Ya pili ni thamani: utalipwa bei ya soko ya siku ya wizi, hata kama ulinunua kwa bei ya juu. Umekatia bima pikipiki ya miaka minne kwa bei ya mpya? Unalipia kitu ambacho hutakipata.

Kuna chaguo ambalo halina tangazo la redio, na kwangu ndilo lenye hesabu nzuri zaidi kwa steji iliyoshikamana. Chukua waendeshaji 40. Kila mmoja akitoa shilingi 50 kwa wiki, mfuko unapata 104,000 kwa mwaka, na kila mtu ametoa 2,600. Ikiwa hali ni mbaya kama Uingereza ya 1993, pikipiki moja kati ya 40, mwenye kuibiwa anapata zaidi ya nusu ya bei ya pikipiki yake. Wakitaka kuilipa yote, ni 4,500 kwa kila mtu kwa mwaka, chini ya nusu ya ile bima ya mfano. Zikiibwa mbili, wanagawana. Hatari ya mfuko huu ni mwenzao anayeuza pikipiki kisiri na kulia ameibiwa, kwa hiyo malipo yasitoke bila nambari ya OB na abstrakti ya polisi, na kikundi kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 ili mweka hazina awe na wa kumwuliza. Kanuni moja nzuri ya kuongeza: asiye na swichi ya siri na mnyororo halipwi kitu. Hivyo ndivyo kampuni za bima za Ujerumani zilivyobadilisha magari.

Mwenye gari ana hesabu nyingine. Tuseme ni Probox ya shilingi 700,000 kwa bima ya asilimia 5. Malipo ni 35,000. Ongeza asilimia 0.2 ya ushuru wa mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wenye bima, na shilingi 40 za stempu, jumla kama 35,198. Kiini kiko kwenye sehemu unayoibeba ikiibwa. Kampuni nyingi hukata asilimia 20 kwa gari lisilo na kifaa cha kuzuia wizi na asilimia 10 au chini ya hapo kwa lenye nacho. Kwa gari hili, ni 140,000 dhidi ya 70,000. Kifaa cha shilingi 15,000 kinakuokolea 70,000 siku ile moja. Lakini Probox iliyokatiwa bima ya matumizi binafsi ikiibwa wakati inabeba abiria wa kulipa, kampuni ina haki ya kukataa dai lote, na kwenye barabara zetu sote tunajua Probox nyingi hufanya kazi gani.

Kujua kama gari la mtumba lina kizuizi ni rahisi. Magari mengi ya kazi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yaliuzwa bila hicho. Zima injini uone kama kuna taa nyekundu ndogo inayopepesa kwenye dashibodi. Kisha mwombe muuzaji ruhusa, chonga nakala ya kawaida ya ufunguo isiyo na chipu, na ujaribu kuwasha. Gari likiwaka, halina kizuizi, na bei ya kukiweka itoke kwenye bei ya gari. Linalowashwa kwa kitufe bila kuchomeka ufunguo lina hatari yake: wezi wa Ulaya hunasa mawimbi ya ufunguo ulio ndani ya nyumba na kuyarefusha hadi garini. Hiyo ni sababu mojawapo ya visa vya England na Wales kupanda tena hadi zaidi ya 120,000 mwaka 2023/24.

Afrika Kusini imetuonyesha upande mwingine wa kizuizi. Gari likishindikana kuibwa bila ufunguo, mwizi humfuata mwenye ufunguo. Wizi wa maegesho ulipungua, lakini utekaji wa magari kwa nguvu ulipanda kutoka visa takriban 9,500 mwaka 2011/12 hadi zaidi ya 22,000 mwaka 2022/23. Bodaboda wetu wanalijua hili. Anayewatisha zaidi ni abiria anayetaka kupelekwa mbali jioni, anayekunywesha soda yenye dawa njiani. Swichi ya siri haikulindi na huyo. Kinacholinda ni kumwambia mwenzako wa steji jina la uendako, na kukataa safari ambayo nauli yake ni kubwa mno kwa umbali wake. Pikipiki yenye traka na mfuko wa steji humpa mwendeshaji kitu kingine pia: uwezo wa kuiachia akiwekewa kisu shingoni.

Wizi wa nchi za mbali hutufikia pia kwa njia ya bei nafuu. Mwaka 2015 Lexus iliyoibwa Uingereza ilifuatwa kwa traka yake kupitia Ufaransa, Oman na bandari ya Mombasa hadi Kampala, na kulikutwa huko magari mengine zaidi ya 20 ya kifahari. Mwaka 2019 Range Rover zilizoibwa Uingereza zilinaswa Mombasa kwenye kontena zilizoandikwa bidhaa za nyumbani. Mwaka 2024 polisi wa Canada walitangaza kurejesha magari 598 kwenye bandari ya Montreal kabla hayajasafiri. Aliyenunua gari la wizi hupoteza gari na pesa zote, hata kama hakujua. Utafutaji wa rekodi ya NTSA kwenye eCitizen hugharimu chini ya shilingi 1,000. Ulinganishe na nambari ya chesisi na ya injini kwa macho yako. Nambari za chesisi ya pikipiki zilizosuguliwa na tupa huonekana hata kwa tochi ya simu. Logibuku iwe ya jina la anayekuuzia. Ya shemeji yake aliye Mombasa haitoshi.

Sheria yetu ina jambo la kushangaza kwa mtu wa Ukambani. Kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu kinampa mwizi wa ng'ombe hadi miaka 14 jela. Kifungu cha 278A kinampa mwizi wa chombo cha moto hadi miaka 7. Wakati sheria hizo zilipoandikwa, utajiri wa nyumba ulikuwa zizini. Kuiongeza adhabu kunaweza kufaa, ila ushahidi wa nchi tulizotazama unaelekeza kwingine: wizi ulishuka pale aliyetengeneza chombo alipolazimishwa kukitengeneza kigumu kuiba. Pikipiki zinazouzwa Kenya hufuata viwango vinavyokaguliwa na KEBS. Sharti la chipu kwenye ufunguo wa kila pikipiki mpya lingegharimu kidogo likigawanywa kwa maelfu, na lingemfikia kijana wa Kanyangi bila yeye hata kujua jina la kizuizi hicho.

Kabla sharti hilo halijaja, uwezo alio nao mnunuzi uko kwenye siku ya kutia sahihi, si baada yake. Wakopeshaji wa pikipiki hushindana kwa wateja, na watu 40 wa steji moja wakienda pamoja husikilizwa kuliko mmoja. Waombe swichi ya siri ifungwe dukani. Waombe kujua traka iliyomo inamtumikia nani, mkopeshaji peke yake au hata mwendeshaji. Na iandikwe kwenye mkataba, kwa Kiswahili wanachokisoma, kwamba pikipiki ikiibwa nani anamlipa nani, ndani ya siku ngapi, na malipo ya kila jioni yanasimama lini.